Gari la Kapota na Sauti ya Bi Rehema

Vijana wa oficina, salam aleikum.

Kwanza mnisamehe mwandiko. Herufi zangu zinakwenda upande kama kaa, na makosa mtayaona mengi, kwa sababu shule niliishia darasa la tano, na shule yenyewe ilikuwa ya Kireno, kama zote za Msumbiji. Kiswahili cha kuandika nilijifunza mwenyewe, kwa kusoma magazeti ya Tanzania yaliyokuja yamefungiwa sabuni na misumari. Ukurasa mmoja unanichukua siku mbili. Lakini mmeniomba niandike habari za kazi yetu ya zamani, na siku mbili mimi ninazo nyingi.

Najua mnacheka. Mstaafu gani ana miaka ishirini na saba? Watu wa serikali wanastaafu na mvi na fimbo. Mimi nimestaafu na ndevu ambazo hazijajaa mashavuni. Sababu nitaieleza mbele, kila jambo kwa zamu yake, kama tulivyofundishwa kufungua mlango wa gari: skrubu ya kwanza kwanza, na kila skrubu kwenye kopo lake.

Oficina yetu ya Palma, karakana ile ya kwanza, ninyi hamkuiona. Ilikuwa kontena moja na kibanda cha bati kando ya barabara inayoshuka baharini. Ilikuwa miaka ile gesi ilipoonekana chini ya bahari. Wageni walikuja na magari, magari yalikuja na vumbi, na vumbi likaingia kwenye redio. Hiyo ndiyo iliyotupa kazi. Mwenye oficina, fundi wetu mkuu, alikuwa Mestre Nfaume, ambaye kabla ya hapo alikuwa fundi wa makochi na magodoro. Kazi ya redio za magari aliianza uzeeni, kwa kuwa kila aliyeleta kiti kushonwa aliuliza, "Na redio je, mzee?"

Siku ya kwanza aliniuliza jina nikashindwa kulitaja. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na mbele ya watu nisiowajua ulimi wangu ulikuwa unakauka. Abudo, aliyenitangulia kazini mwaka mmoja, akauliza, "Mestre, umeajiri mtu au umeajiri kivuli chake?"

"Kivuli hakipotezi skrubu," akasema Mestre. "Wewe umepoteza ngapi wiki hii?"

Tangu siku hiyo Abudo aliniita Kimya. Jina likanikaa, mpaka wateja wakadhani ndilo nililopewa na wazazi.

Somo langu la kwanza halikuwa na bisibisi. Mestre alinikalisha kwenye pikapu ya mteja, akaniambia nifumbe macho, akaendesha mpaka uwanja wa ndege na kurudi. "Umesikia nini?" akauliza. Nikasema injini. "Injini hata kiziwi anaijua. Kingine?" Akageuza gari, tukaenda tena. Safari ya tatu nikamwambia kwamba kuna kitu kinagonga nyuma ya kiti changu, kidogo kidogo, tukiingia kwenye vigongo vya barabara. Akasimamisha gari, akatoa spana iliyosahauliwa chini ya zulia. "Basi kazi unaiweza," akasema, na hakunisifu tena kwa miaka miwili.

Msemo wake ninyi mnaujua kwangu, lakini ni wake: nyamazisha gari kwanza, ndipo uliimbishe. Vijana wa Palma siku zile walitaka masanduku ya besi ya kutikisa bati za jirani. Gari likiwa na kelele wanaongeza spika, spika zikikoroma wanaongeza nyingine. Mestre aliwafungia spika hizo, kwa kuwa na yeye alikuwa anakula, ila alikuwa akinung'unika, "Mtu akipiga kelele msikitini, humwongezei muadhini sauti. Unamtoa yule mtu."

Mwaka wangu wa nne likaja gari la Bwana Hamisi.

Bwana Hamisi alikuwa mfanyabiashara, mzaliwa wa Mtwara, ila ameoa na kuzeeka Palma. Mgeni mmoja aliyemaliza mkataba alimwachia gari dogo jekundu la milango miwili, ambalo paa lake ni la turubai, la kukunja. Sisi tuliliita gari la kapota. Kwenye mchanga wetu lilikuwa sawa na viatu vya harusi shambani. Watu walimcheka, lakini alilipenda. Kila wiki alikwenda nalo Mocímboa da Praia kuchukua bidhaa za dukani, na zile kubwa zikimfuata kwa lori.

Alikuja asubuhi moja, akaegemea mlango wa gari kama mtu anayemshika mgonjwa mkono.

"Mestre, nataka nimsikie mke wangu."

Mke wake, Bi Rehema, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Sote tulimzika. Abudo alinitazama, nikatazama chini.

Bwana Hamisi akatoa mfukoni mwa shati kanda moja ya kaseti, imefungwa kwenye leso. Akaeleza. Zamani alipokuwa akikaa miezi Mtwara kwa biashara, Bi Rehema, asiyejua kuandika, alikuwa akizungumza kwenye kaseti na kumpa msafiri aipeleke. Zilikuwa barua zake. Za nyuma zote zilirekodiwa taarabu juu yake na watoto, ikabaki hii moja. Mule ndani Bi Rehema anamgombeza kwa nusu saa nzima: mbuzi wa jirani, paa linalovuja, karafuu alizoahidi hakuleta. Mwisho kabisa anashusha sauti, kwa sababu nyumba ilikuwa na wageni, anasema neno moja refu, basi kanda inakwisha.

"Neno hilo nalijua," akasema. "Nalikumbuka. Lakini nataka kulisikia. Na njiani silisikii. Upepo unapiga kapota, magurudumu yanavuma, nikipandisha sauti anakoroma. Na kanda inachakaa, Mestre. Kila mzunguko inaacha kitu."

Abudo akasema, "Bwana Hamisi, si usikilize nyumbani, gari limezimwa?"

"Nyumbani kuna wajukuu kumi na mmoja. Nikisimama barabarani, kila anayepita atanipa shikamoo. Halafu kiti cha pembeni kilikuwa chake. Kila safari ya Mocímboa alikaa hapo akinigombeza mpaka tunafika. Nataka anigombeze njiani."

"Basi nikupe nakala kwenye simu, hata bila..."

"Sauti ya mke wangu iingie kwenye simu za vijana wa Palma? Wewe una wazimu?"

Kanda akairudisha mfukoni. Sharti lake lilikuwa kwamba haitapigwa oficina hata mara moja. Tutengeneze gari, tukisema tayari, yeye atakuja, ataendesha, ataisikiliza. Likisikika lile neno la mwisho kwa mwendo wa sitini, kapota imefungwa, kazi imekwisha. Hicho ndicho kilikuwa kipimo. Sijapata tena mteja mwenye kipimo kilicho wazi namna ile.

Niwaambie tulivyofanya, maana siku moja mtaletewa gari la namna hiyo. Kwanza tulitafuta upepo unapoingilia. Tulipaka unga wa muhogo pembeni mwa vioo na ukingo wa kapota, tukafunga, tukafungua. Pahala ambapo mpira wa kuzibia haukushika unga, ndipo ulipokuwa haugusi, na hapo upepo unapiga mluzi. Tulizikuta sehemu tano. Mestre akakata mpira mwembamba kutoka tyubu ya lori, akauinua mpira wa zamani kwa chini. Kapota yenyewe aliivua, akaishonea tabaka la pili la blanketi katikati, kwa mkono, kwa sindano yake ya magodoro. Abudo akabadilisha magurudumu ya vipele na mengine laini. Mimi nikatoa viti na zulia, nikabandika vipande vya tyubu kwenye bati lote la chini. Ukigonga bati tupu linasema ngaa. Ukiligonga baada ya hapo linasema dhu. Mkifika dhu, acheni gundi.

Spika tulizotoa zilikuwa miguuni, chini ya mlango, zinaimbia viatu. Kwa mtu anayezungumza, Mestre alitaka ndogo mbili juu ya dashibodi, zikielekea masikio. Besi aliipunguza mpaka Abudo akalalamika. "Bi Rehema hakuwa ngoma," akamjibu.

Ikabaki milango. Milango ilikuwa mitupu kama madebe, na kila kokoto lilisikika. Tulihitaji kitu cha kujazia. Na hapo mimi, Kimya, nikasema jambo bila kuulizwa. Nilisema, "Usumba."

Mama yangu mdogo alikuwa anasokota kamba za nazi. Alikuwa akifukia makumbi kwenye tope la pwani kwa miezi, kisha anayapiga, anapata nyuzi laini, ndio usumba wenyewe. Nilijua usumba unameza sauti, kwa kuwa nilikua nikilala juu ya marundo yake, na ukilala hapo mvua ya bati huisikii. Mestre alifikiri, akasema tujaribu. Nilianika usumba siku mbili, nikauchambua kwa vidole, nikaujaza milango yote miwili. Mlango ulipofungwa ulitoa sauti ya mlango wa gari la gavana. Abudo mwenyewe aliufungua na kuufunga mara tatu.

Bwana Hamisi akaja, akaendesha peke yake, akarudi. "Nimekaribia," akasema. "Nasikia kwamba anasema. Sisikii anachosema. Lakini nimekaribia." Akanishika bega. Usiku ule sikulala kwa furaha.

Kisha masika yakaja. Ijumaa moja Bwana Hamisi alituingilia oficina na kanzu nyeupe yenye doa la kahawia kuanzia kiunoni mpaka gotini.

"Kijana, gari lako linanitapikia! Nakwenda msikitini, nageuza kona, mlango unanimwagia uchafu. Imamu kaniuliza kama nimechinja."

Tukafungua mlango. Usumba ulikuwa umelowa tepetepe, bati limeota kutu mpaka unalitoboa kwa kidole, na nyaya zimekuwa kijani. Mestre akachomoa uzi mmoja, akauweka kwenye ulimi. Akanipa na mimi mwingine. Nikaulamba.

"Nini hiyo?"

"Chumvi, Mestre."

"Chumvi. Umefukiwa baharini miezi, wewe ukauanika siku mbili. Chumvi inaita maji, nayo yanaitika. Kamba ya nanga inaitaka. Mlango wa gari hauitaki." Kisha akasema, na hili ndilo nawaomba mlishike: "Na mimi nimezaliwa hapa, nilipaswa kukuuliza. Kosa ni la wawili."

Tulifanya upya kwa sufi, ile ya mito, aliyoagiza bara. Sufi haishiki maji. Aliishona kwenye mifuko myembamba ya nailoni, kama mito ya mtoto, tukaipanga milangoni tukiacha njia ya maji kutoka chini. Bati lililooza tulikata, tukachomelea jipya. Kazi ilikuwa ya wiki tatu, na Mestre alinipa niifanye karibu yote mimi. Hakuniadhibu kwa namna nyingine.

Siku ya kipimo Bwana Hamisi alisema twende wote. Alikaa kwenye usukani, Mestre pembeni yake, kwenye kiti cha Bi Rehema, baada ya kuomba ruhusa. Mimi na Abudo nyuma, magoti yamefika kidevuni. Nilikaa upande wa kushoto, sikio la kushoto likigusa kapota, la kulia likitazama ndani ya gari.

Tulitoka Palma kwa barabara ya Mocímboa. Kanda ikaanza. Kwa mara ya kwanza nikamsikia Bi Rehema kwenye kaseti, na ilikuwa kama ameingia na kikapu chake. Anagombeza. Mbuzi wa jirani. Paa. "Na karafuu zangu, Hamisi, au umempa mwanamke wa Mtwara?" Abudo alicheka kwa nguvu, Bwana Hamisi akatikisa kichwa, akasema, "Nilisahau, mama, nilisahau," kana kwamba alikuwa anasikiwa. Gari lilikuwa kimya kama chumba. Mwendo ulikuwa sitini. Nilikuwa naangalia sindano.

Kisha nikaona wote wamenyamaza. Sauti ilikuwa imeshuka. Nikangoja lile neno lianze. Nilisikia mvumo wa kanda, kama mchanga unaomwagika mbali. Nikamwona Abudo amefungua mdomo bila kucheka. Nikageuza kichwa upesi kuelekeza sikio la kushoto ndani, lakini kitufe kilikuwa kimeruka. Kanda ilikuwa imekwisha.

Mestre alicheka, kicheko kidogo cha puani. Bwana Hamisi machozi yalikuwa yanamshuka mpaka ndevuni, na hakuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Abudo alitazama nje.

"Umesikia, Kimya?" Mestre akauliza bila kugeuka.

Ningesema sikusikia. Bwana Hamisi pengine angeirudisha kanda, mzunguko mmoja zaidi. Lakini niliiona mikono yake, na nilijua kanda ile haina mizunguko mingi, nami sikuwa mtu wa kusimamisha gari la watu. Nikasema, "Nimesikia, Mestre."

"Yatosha," akasema Bwana Hamisi. "Kazi imekwisha. Fungueni kapota, nataka upepo."

Jioni ile nilisimama peke yangu mbele ya redio ya oficina, nikaziba sikio la kushoto. Redio ikazimika. Nikaliachia, ikarudi. Nilifanya hivyo mara nyingi, kama mtu anayejaribu taa. Utotoni nilitokwa usaha sikio la kulia, likapona, nami sikuwahi kulipima.

Niliwaficha watu miaka mingine mitano. Mbinu zangu niwape, zinafaa hata mwenye masikio mazima: gusa spika kwa ncha ya kidole, utajua inavyopumua, uma mpini wa bisibisi, ncha yake iguse bati, meno yatakwambia kinachogonga kiko wapi. Nilidhani nimefanikiwa. Kisha siku moja niliacha gari tayari, nikarudi kuchukua kofia, nikamkuta Mestre ameinama ndani yake anarudisha kitufe cha kusawazisha kulia na kushoto. Nilikuwa napandisha upande wa kulia kila gari. Naye alikuwa anapunguza kila gari, nyuma yangu, sijui tangu lini.

"Mestre, unajua?"

"Najua nini?" akasema. "Kachukue kofia yako."

Hatukulizungumza tena. Nilipoanza kupoteza la kushoto pia, nikamrudishia bisibisi mwenyewe. Aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea mtoto.

Yaliyofuata mnayajua. Vita vilifika, watu wakakimbia Palma, kila mmoja na njia yake. Mestre alikwenda Pemba, mji wa huku kwetu, si kile kisiwa, akafia huko, Mungu amrehemu, na mpwa wake ndiye aliyewakusanya ninyi. Abudo alivuka mto kwenda Tanzania. Bwana Hamisi nimesikia yuko kwao Mtwara kama bado yuko hai, na gari jekundu hakuna ajuaye liliko. Mimi nipo Quitunda, nyumba ya matofali waliyopewa wazazi wangu ardhi yao ilipochukuliwa kwa ajili ya gesi. Chumba kina mwangwi, nilikuwa nimeanza kupima pahala pa kutundika blanketi, nikakumbuka kwamba mwangwi huo nausikia kidogo tu na utaondoka wenyewe. Nalima muhogo. Nikilala ubavu wa kushoto, dunia inazimika yote. Watu wanadhani nimebaki na ukimya wangu wa zamani, kwa hiyo hawaji kunizungumzisha, na mimi siwaambii kwamba siku hizi ningependa.

Basi nina ombi. Katika gari lile tulikuwa wanne, na aliyejenga kimya kile kwa mikono yake ndiye peke yake ambaye hakusikia neno lililotengenezewa. Wakati ule ningeweza kumuuliza Abudo, lakini angenicheka, na aibu ilinizidi. Sasa acheke tu. Baadhi yenu mnavuka kwenda Mtwara kutafuta vipuri. Mkimwona Abudo, au Bwana Hamisi, muulizeni Bi Rehema alisema nini pale mwisho, mniandikie. Andikeni kwa herufi kubwa, ninasoma polepole.

Na kama ni neno la mtu na mkewe tu, msiniandikie lenyewe. Niandikieni lilikuwa la namna gani. Maana Mestre alicheka, na Bwana Hamisi alilia, na mimi mpaka leo sijui nilipaswa kufanya lipi.